Mwaka 2008 wa Komoro ulikuwa na miezi kumi na miwili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Si kawaida yangu kuandika magazetini. Mara ya mwisho niliandika kuhusu bei ya karafuu na barua haikutoka. Lakini makala yenu ya kukumbuka Machi 25, 2008, siku askari wetu wa Tanzania walipoingia kisiwa cha Nzwani huko Komoro kumng'oa mtawala wake, imeninyima usingizi, na kwa umri wangu usingizi si kitu cha kuchezea.

Nianze na madogo. Mmeandika "kisiwa cha Komoro". Komoro ni visiwa: Ngazija, Nzwani na Mwali, na cha nne Maore, ambacho Wafaransa wamekishika mpaka leo. Ramani yenu imeutia mji wa Mutsamudu ndani ya Ngazija. Mutsamudu uko Nzwani. Ni kama mtu aichukue Chake Chake akaiweke Forodhani. Tena mmemwita Kanali Mohamed Bacar "mwasi aliyejificha msituni". Msitu gani? Bacar alikuwa ofisa wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi, aliyesomeshwa Ufaransa, akakitawala kisiwa cha Nzwani tangu 2001, na 2002 akachaguliwa kuwa rais wake. Muda wake ulipokwisha 2007 hakutoka. Juni ya mwaka huo akafanya uchaguzi wake mwenyewe, Umoja wa Afrika na serikali kuu ya Komoro kule Moroni wakiukataa, akajitangaza mshindi na akajiapisha. Mtu huyo alikuwa na ofisi, walinzi na bendera. Msituni hakukaa hata usiku mmoja.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba mmeuchukua mwaka mzima wa watu mkaukata, mkabakisha asubuhi moja, ile yenye askari wetu. Mimi mwaka ule niliuishi nusu huku nusu kule, kwa sababu ya vitunguu na kwa sababu ya mama yangu mdogo.

Vitunguu kwanza. Wakati huo nilikuwa nikinunua vitunguu na magodoro Dar es Salaam, napakia kwenye chombo, na kwa siku mbili kama bahari imetulia tunafika Mutsamudu. Magodoro niliyaacha baadaye. Rais wa Muungano wa Komoro mwenyewe, Ahmed Abdallah Sambi, kabla ya siasa alikuwa na biashara zake, na magodoro yalikuwa mojawapo. Mimi na gunia langu ningeshindana naye wapi? Vitunguu nikaviendeleza. Mwishoni mwa 2007 Umoja wa Afrika ulipombana Bacar na wenzake kwa vikwazo, safari za Nzwani zikawa za kubahatisha. Februari 2008 nilipakia magunia yangu kwa ubishi, nimeambiwa nisipakie. Yakaoza. Kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu.

Na magazeti ya hapa mwezi ule yalikuwa na habari gani? Lowassa amejiuzulu kwa sakata la Richmond, baraza la mawaziri limevunjwa, Bush amekuja, Nairobi wanatafuta suluhu baada ya damu ya uchaguzi. Komoro ilikuwa ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya viwanja. Ni kwa sababu Rais Kikwete alikuwa ameshika uenyekiti wa Umoja wa Afrika mwishoni mwa Januari ndipo jambo la Nzwani likahamia meza ya mbele. Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alisema mazungumzo hayajafika mwisho, kwamba Bacar yuko tayari uchaguzi urudiwe. Hakusikilizwa. Tanzania na Sudan zikatoa askari, Libya ikasaidia usafiri, na jeshi la Komoro lenyewe likaenda nao. Makala yenu imelisahau jeshi la Komoro kabisa, kana kwamba wenye nyumba hawakuwepo.

Sasa mama mdogo. Yeye alizaliwa hapa Malindi, baba yake ametoka Mutsamudu. Aliondoka Unguja mwishoni mwa miaka ya 60, Wangazija, kama Wakomoro wote walivyoitwa hapa, walipofanywa wageni katika mji waliouzoea kuliko wowote. Vijana wenu hapo ofisini huenda hawajui hata kwamba kulikuwa na Wangazija hapa, na kwamba kadhi mkubwa Sayyid Ahmad bin Sumeit asili ya kuzaliwa kwake ni Ngazija. Basi mama mdogo akarudi kwa babu zake akiwa msichana, na lugha ya Unguja mdomoni.

Alfajiri ya tarehe 25 alinipigia simu. Mizinga inalia upande wa bandari, milango yote imefungwa, wanasoma Yasini. Simu ikakatika. Nikakaa na redio mpaka jua likapanda. Alipopatikana tena, mchana, alikuwa anacheka na kulia pamoja. Aliniambia alifungua dirisha kidogo, akasikia sauti ya kijana chini ya ukuta: "Mama, rudi ndani!" Akarudi. Kisha akaduwaa: hakikuwa Kinzwani kile. Miaka arobaini alikuwa hajapigiwa kelele barabarani kwa Kiswahili cha bara. "Wamekuja watu wa kwenu," akaniambia. Sikujua kama anashukuru au anasuta, na sikumuuliza.

Kufikia jioni Mutsamudu na uwanja wa ndege wa Ouani vilikuwa mikononi mwa askari, na watu wakatoka kushangilia. Hilo ni kweli, msidhani nalikana. Jandarmeri wa Bacar walikuwa wamewapiga watu na kuwafungia, na wengine walikuwa wamekimbilia Ngazija na Maore. Bacar mwenyewe akatoroka kwa boti mpaka Maore. Moroni walisema alivaa nguo za kike. Mama mdogo aliuliza swali moja tu: shiromani ile, shuka la wanawake wa Nzwani, aliipata kwa nani, na je, aliilipa? Hapo ndipo makala yenu inapoishia. Askari wetu wanapunga mikono, mwisho.

Lakini ilikuwa Machi bado!

Wafaransa walimchukua Bacar wakampeleka kisiwa chao kingine, Réunion, na Moroni watu wakaandamana kwa hasira, Mamoudzou kule Maore nako kukazuka vurugu. Aliomba hifadhi, Mei akanyimwa, Julai akapelekwa Benin. Nzwani ikashikwa na serikali ya muda chini ya jaji. Juni 15 wakapiga kura, Juni 29 wakarudia, na Moussa Toybou akamshinda Mohamed Djaanfari. Mimi nilifika Mutsamudu siku chache baadaye na magunia sitini. Picha za wagombea bado ziko ukutani, mvulana mmoja kamchorea Djaanfari miwani. Nilikuta kitu ambacho sikukiona safari zilizotangulia: watu wanabishana siasa kwa sauti ya juu barazani, bila kutazama nyuma. Kama mnataka picha ya ushindi, ile ingefaa kuliko ya kifaru.

Nao walikuwa wanabishana nini? Si Bacar. Walikuwa wanabishana zamu.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana bila hili mwaka 2008 haueleweki. Mwaka 1997 Nzwani ilijitenga, ikafika mpaka kuomba irudishwe Ufaransa, na Ufaransa ikakataa. Mtu akikasirika hivyo mpaka anamtaka mtawala wa zamani, kuna njaa na kuna kudharauliwa, si wazimu. Miaka kadhaa ya mivutano na risasi ikapita hadi makubaliano ya Fomboni ya 2001, kule Mwali. Kila kisiwa kikapewa rais wake, na urais wa Muungano ukawa wa kupokezana, miaka minne minne. Ni kama majirani wenye kisima kimoja: leo ndoo yako, kesho yangu. Azali Assoumani wa Ngazija alianza. 2006 ikawa zamu ya Nzwani, akaingia Sambi, mzaliwa wa Mutsamudu. Yaani mwaka 2008 Rais wa nchi alikuwa mwana wa Mutsamudu, na Mutsamudu ndiyo iliyokuwa haimtii. Makala yenu ilipaswa kuanzia kwenye kichekesho hicho.

Basi barazani mwezi ule wa Julai swali lilikuwa: marais wanne kwa watu wachache hivi, nani anawalisha? Wengine walitaka marais wa visiwa wapunguzwe. Wengine wakasema, ukishaanza kupunguza hutajua pa kuacha, mwisho itapunguzwa zamu yenyewe. Mtoto wa mama mdogo, ambaye ni kaka yangu, mwalimu, alikuwa upande wa pili. Nilimwona mwoga. Mchele ulikuwa umepanda bei dunia nzima mwaka ule, na katika kisiwa kinacholishwa na meli, wanaume wazima wanashinda wanahesabu marais. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Dada, wewe uza vitunguu."

Safari yangu ya mwisho ya mwaka ilikuwa Desemba. Mjadala umegeuka. Novemba bunge lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, kwa mzozo mkubwa: pasi za Komoro wapewe Mabiduni, watu wasio na uraia wa nchi yoyote kule Kuwait na Falme za Kiarabu, na kwa malipo hayo zije barabara, bandari na umeme. Mama mdogo, aliyewahi kuambiwa na nchi aliyozaliwa kwamba si mwenyeji, alisikiliza redio mpaka mwisho kisha akauliza: hao watu watakuja lini, tuwatayarishie nini? Kaka yangu akamweleza kwamba hawatakuja. Watapata kitabu tu. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaenda jikoni kutazama mataba yake ya kisamvu yasiungue.

Mhariri, sheria ile ya Novemba 2008 ndiyo iliyomfuata Sambi mpaka mwisho. Alifungwa tangu 2018, na Novemba 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mambo ya pasi hizo. Nyinyi mliichapa habari ya hukumu, nimeitunza. Haina hata mstari mmoja unaosema kwamba huyu ndiye tuliyemrudishia kisiwa chake kwa bunduki. Msomaji kijana ataunganisha vipi?

Na zamu je? Baada ya Sambi ikaja ya Mwali, akaingia Ikililou Dhoinine. 2016 ikarudi Ngazija, akarudi Azali. Julai 2018 ikapigwa kura ya maoni na katiba ikabadilishwa, rais akaruhusiwa vipindi viwili mfululizo. Zamu ya Nzwani iliyotarajiwa 2021 haikufika. Oktoba 2018 watu wenye silaha waliziba vichochoro vya mji wa kale wa Mutsamudu, na kwa siku kadhaa risasi zikalia kulekule alikosimama kijana wetu na "Mama, rudi ndani". Safari ile hapakuwa na meli ya Tanzania wala mwenyekiti wa kwenda Addis. Sisemi ilipaswa iwepo. Mimi ni muuza vitunguu, na kuhusu vita nimejifunza tu kwamba vinaozesha. Nasema kwamba kama 2008 tulikwenda kulinda katiba, gazeti linaloadhimisha kwenda kwetu lina deni la kusema katiba ile imeishia wapi. Mnaweza kuisifu safari au kuilaumu, lakini muimalize.

Mtasema nafasi ni ndogo. Picha ya askari mliipa nusu ukurasa.

Nina maombi matatu. La kwanza, msahihishe yale makosa, kwa herufi zinazosomeka, si kona ya chini. La pili, mmtafute mwandishi aende Moroni, Mutsamudu na Fomboni bila kungoja mapinduzi wala ajali ya ndege. Lugha haitamsumbua, akisikia watu wakisema fundi ajue wanamkusudia mwalimu, si seremala. Wakati wa kupigania uhuru wao, chama cha Molinaco kilikuwa na makao yake Dar es Salaam hapahapa, kwa hiyo hata kumbukumbu za kuanzia zipo karibu, wazee wakiulizwa mapema. Mama mdogo ameshatangulia mbele ya haki, yeye hamtamwahi.

La tatu ni ramani. Mutsamudu uko kaskazini magharibi ya Nzwani, ufukweni. Mkiweka alama mahali pake, mtaona kwamba aliye bandarini akitazama juu anaiona ngome ya kale, na nyuma yake milima ya mikarafuu na milangilangi. Nyumba ya dirisha lile iko chini kidogo ya ngome, kuta zake zilikuwa za rangi ya bluu. Siku hizi sijui wamepaka rangi gani.

Muuza vitunguu mstaafu,
Malindi, Unguja