Chuma chakavu cha kwenye gemu kina somo la uchumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika humu kwamba gemu za mtandaoni hazimfundishi kijana chochote isipokuwa uvivu. Nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na gemu moja imenisaidia kufundisha mada ya pesa kuliko kitabu cha kiada.

Gemu yenyewe ni Team Fortress 2 ya kampuni ya Valve. Ilitoka 2007, na mwaka 2010 wachezaji wakaruhusiwa kubadilishana vitu, lakini hawakupewa sarafu ya kufanyia biashara hiyo. Ukicheza unapata silaha, na haupiti muda mrefu unajikuta unazo zilezile mbilimbili, huna kazi nazo. Silaha mbili za ziada huyeyushwa zikawa kipande kimoja cha chuma chakavu. Vipande vitatu vinatoa chuma cha daraja la pili, na vitatu vya daraja la pili vinatoa kile kilichosafishwa. Kwa hiyo chuma safi kimoja ni silaha 18. Mwanafunzi wangu mmoja aliichora ngazi hiyo ubaoni, kisha akawaeleza wenzake dirisha la biashara lilivyo: huyu anaweka kofia upande wake, yule anaweka vyuma, kila mmoja anakagua cha mwenzake na kutia alama ya kukubali, ndipo vitu vinahama. "Mwalimu, hakuna aliyetuamuru," akasema. "Kila mtu anakipokea kwa sababu anajua na mwingine atakipokea." Nimeisahihisha mitihani mingi ambayo jibu hilo halimo.

Lakini somo kubwa liko kwenye kuporomoka kwa thamani ya chuma hicho. Silaha zinaingia sokoni kila wiki bila kukoma, na wajanja walifungua akaunti chungu nzima wakaziacha wazi zikusanye tu. Bidhaa nyingine ya gemu hiyo ni ufunguo wa kufungulia makasha yenye vitu vya gemu ndani yake. Huo hununuliwa kwa dola, na ukishatumika umekwisha. Mwaka 2012 ufunguo mmoja ulipatikana kwa vyuma safi visivyozidi vitatu hivi, yaani silaha zisizozidi 54. Baadaye bei ilipita vyuma 50. Piga hesabu: silaha 900.

Hapo ndipo ninapotaka darasa litulie. Kijana wa Ulaya mwenye kadi ya benki ananunua funguo, akiba yake inakaa salama. Kijana wa hapa asiye na kadi mtaji wake ni ziada ya silaha tu, na chuma ndiyo pesa pekee anayoweza kuipata kwa jasho lake. Bei inapopanda, anayeumia ni yeye. Mfumuko wa bei unamla nani kwanza? Swali hilo kwenye kitabu lina mistari miwili.

Wala si jambo geni kwetu pwani. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walipakia kauri za Zanzibar, yaani yale makombe madogo ya baharini, kwenye meli wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa pesa. Huku zilikuwa zinaokotwa ufukweni. Kule ziliingia nyingi mno hadi thamani ikaanguka, na aliyekuwa ameweka akiba yake ya miaka kwa kauri akabaki na magunia yasiyonunua kitu. Wanafunzi waliokwisha kupoteza thamani ya vyuma vyao wanaielewa habari hiyo papo hapo, bila mimi kuwasukuma.

Msomaji mwenzangu asidhani haya ni ya watoto. Mwaka 2012 Valve ilimwajiri mchumi Yanis Varoufakis achunguze masoko ya gemu zake, na mwaka 2015 huyohuyo akawa waziri wa fedha wa Ugiriki.

Sisemi mtoto akeshe kwenye kompyuta. Akeshaye hafaulu, na wazazi wana haki ya kuzima. Ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa uchumi: mkifika kwenye mada ya pesa muhula huu, waulizeni wanafunzi wanalipana kwa nini ndani ya gemu zao, na bei ilikuwaje walipoanza. Muwape chaki, nyinyi mkae nyuma. Aliye na mfano wa gemu nyingine auandike kwenye safu hii, nitautumia darasani.

Mwalimu wa Uchumi,
Tanga