Rangi za galaksi zinatoka wapi?

Mhariri,

Picha ya galaksi (kundi kubwa mno la nyota, gesi na vumbi) iitwayo NGC 1365 iliyopigwa na darubini ya James Webb inapendeza, na inastahili nafasi gazetini. Kinachotusumbua ni maelezo yanayowekwa chini ya picha za namna hii, kwamba hivyo ndivyo galaksi ilivyo angani. Mwanga uliotengeneza picha ile jicho la mtu haliuoni kabisa.

Kamera iliyotumika, MIRI, hupokea mwanga wa infraredi. Galaksi hupigwa picha kupitia vichujio, kimoja baada ya kingine. Kwa hii vilikuwa vya kupitisha mawimbi ya mwanga yenye urefu wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 7.7, 10, 11.3 na 21. Kila kichujio hutoa picha ya kijivu tupu. Wataalamu ndio huipa kila moja rangi yake, mara nyingi buluu kwa mawimbi mafupi na nyekundu kwa marefu, kisha huzipandanisha. Huo si udanganyifu. Mikromita 21 huonyesha vumbi lililopashwa moto na nyota changa, na 7.7 na 11.3 huonyesha molekuli za kaboni zinazofanana na masizi. Lakini ni lazima msomaji aambiwe.

Tazama boriti ya galaksi hiyo. Mikono yake miwili haianzii kitovuni kama wengi wanavyodhani, bali kwenye ncha za boriti ndefu ya nyota iliyokatiza katikati. Gesi inayozunguka ikifika kwenye boriti hujigonga, husongamana, hupungukiwa na mwendo wa kuzunguka, ikateremka kitovuni. Huko huzaa nyota kwa wingi, na kiasi huliwa na shimo jeusi lenye uzito wa Jua letu mara milioni 2 hivi. Mapito ya gesi hiyo yamejaa vumbi. Kwenye picha ya darubini nyingine ya angani, Hubble, ya mwanga wa kawaida, mapito hayo ni michirizi myeusi. Kwenye ya Webb, michirizi ileile ndiyo inayong'aa. Weka picha hizo mbili bega kwa bega bila maelezo, na msomaji ataapa ni galaksi mbili tofauti.

Umbali nao huandikwa ovyo. Miaka ya nuru milioni 60 ni umbali wa galaksi hii kutoka kwetu, si umri wake. Mwaka mmoja wa nuru ni urefu, yaani mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja, kilomita trilioni 9.5 hivi. Umbali huo wa galaksi ulipimwa miaka ya 1990, Hubble ilipoipiga picha mara 12 na wanaastronomia wakapata nyota 52 za aina ya Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa vipindi vya siku 14 hadi 60. Kipindi kirefu maana yake nyota yenyewe ina mwanga mkali zaidi. Ukijua ukali halisi wa mwanga wake na jinsi unavyoonekana hafifu kutoka hapa, umbali unaukokotoa.

Tunaomba mstari mmoja tu chini ya kila picha: darubini gani, mwanga gani, rangi zimepangwaje.

Wasomaji wa huku wana sababu ya ziada ya kuambiwa. NGC 1365 imo kwenye kundinyota la Tanuri, upande wa kusini, na kwetu hupanda juu kuliko inavyopanda Ulaya. Kwa Dar es Salaam, katikati ya Desemba, mnamo saa 4:20 usiku huwa nyuzi 60 juu ya upeo wa kusini. Inatosha darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 20, mahali pasipo taa wala mbalamwezi. Yape macho dakika 20 gizani bila kufungua simu, anza na ukuzaji mdogo, na elekeza jicho pembeni kidogo ya galaksi badala ya kuikazia. Utaona kitovu na alama hafifu ya boriti, vyote kijivu. Mikono huhitaji kioo cha sentimita 30 hivi. Anayetafuta zile nyekundu na buluu za gazetini atadhani darubini yake ni mbovu, na ataiuza.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam