Sanamu ya zamani usiipake mafuta, tuletee kwanza tuione

Mwezi uliopita dada mmoja alikuja karakanani kwetu hapa Uholanzi na sanamu ya mti, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa ameiokota kwenye soko la vitu vya zamani akidhani ni kinyago cha Kimakonde. Kichwa kikubwa cha pembe pembe, pua kama mshale, miguu imekunjwa, mikono imeshika kitu mfano wa ngao iliyotobolewa nakshi. Jicho moja limebaki, ushanga wa buluu. Akataka tumpakie mafuta ya nazi kidogo ing'ae.

Tukamwambia hapana, dada.

Ile ni korwar, kutoka Ghuba ya Cenderawasih, Papua upande wa Indonesia. Watu wa Biak, Numfor na visiwa vya jirani walimchongea marehemu sanamu ili roho yake ipate pa kukaa, isiende mbali na jamaa. Nyingine zina kichwa kilicho wazi, na humo liliwekwa fuvu lenyewe. Watu wakitaka kusafiri baharini, au mtu akiugua, korwar iliulizwa shauri. Ikikosea mno ilitupwa, au ikauzwa! Wamisionari Ottow na Geissler walifika kisiwa cha Mansinam, kwenye ghuba hiyo, mwaka 1855, na katika miaka iliyofuata nyingi zilichomwa moto, nyingine zikaletwa huku.

Sasa, ule weusi unaouona mikunjoni ni masizi na jasho la viganja vya waliokuwa wakiishika. Ukiufuta haurudi. Mafuta ya nazi hunata vumbi na kuvunda, na dawa ya viatu, ambayo wauza vinyago wetu wanaipenda sana, huziba kila alama ya patasi.

Tatizo la kweli lilikuwa chini ya kitako: vitundu vidogo na unga laini uliomwagika kwenye gazeti. Bungua, mdudu anayekula mbao. Mbao tupu huwa tunaifunga kwenye nailoni, tunatoa hewa, kisha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na hatuifungui mpaka irudie joto la chumba, la sivyo inatoa jasho. Lakini yenye ushanga hatuigandishi. Hiyo tunaiweka kwenye mfuko usio na oksijeni wiki kadhaa, bungua anakufa taratibu.

Tutakuuliza pia uliipata wapi, usikasirike. Sisi wa pwani tunajua yaliyovipata vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuwakumbuka wafu zilizoibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali kurudisha 30. Na ukikuta fuvu ndani, hatugusi. Hapo tunazungumza na makumbusho kwanza.

Ukiona unga chini ya sanamu yako, usipulize wala usipige dawa ya mbu. Ifunge kwenye mfuko, iweke mbali na fanicha nyingine, tutumie picha ya kitako. Dada yule anaichukua yake Jumamosi, ikiwa na masizi yake yote.