Jino langu na mchoraji wa Boston

Yakhe, salama? Huku wazima, joto tu ndo linatumaliza, feri nayo ni ile ile unayoijua.

Lile jino la bandia ulilolicheka kwenye video mpaka ukaanguka kochini nishalibadilisha. La mwanzo mafundi wa meno walinichagulia rangi usiku chini ya taa ya tyubu, na mdomo umekaa wazi karibu lisaa lizima, kumbe meno yakikauka yanazidi weupe kuliko kawaida yake, basi wao wakafuata ule weupe wa uongo na mimi nikatoka pale na kigae cha choo mdomoni. Wiki nzima nacheka na mkono usoni kama bi harusi.

Sasa huyu fundi wa pili, mzee mmoja hivi, akaniambia njoo asubuhi. Kabla hajanigusa popote akanisimamisha dirishani, akatoa vile vijino vya kupimia rangi, viko 16, vinaanza A1 mpaka D4, halafu akafinya macho! Nikashtuka wallahi, maana ndo mimi nafanya nikichora majahazi kule Mji wa Kale, ukifinya macho rangi zinapotea unabaki na mwanga na kiza tu. Nikamuuliza nani kakufunza hii? Akacheka, ati mchoraji kama wewe.

Ndo akanipa habari za Albert Munsell. Mmarekani wa Boston, kazaliwa 1858, alikuwa akichora bahari na sura za watu, kasoma mpaka Paris halafu akarudi kwao kufundisha sanaa. Kilichomkera ni majina ya rangi, na ana haki, wewe ukisema maziwa, mamako aseme pembe, muuza leso aseme krimu, nani yuko sawa? Akaona kila rangi ina mambo matatu: rangi yenyewe kama ni nyekundu ama manjano, mwangaza wake, ambao aliupa namba kutoka 0 nyeusi ti mpaka 10 nyeupe pe, na kukolea kwake. Akayatoa kwenye kitabu 1905. Hilo la kukolea mimi nalijua tangu utotoni kwenye chai ya nyanya, sikujua tu kama ni elimu ya mtu.

Munsell akafa 1918. Kwenye miaka ya 1930 daktari wa meno wa kwao, E. Bruce Clark, akaichukua hesabu ile akaitia mdomoni mwa watu, na 1973 daktari wa meno mwenzake, Robert Sproull, akalifufua tena jambo lenyewe. Mzee anasema kubwa hapo ni mwangaza kwanza. Meno yetu karibu yote yana umanjano, ukikosea kidogo upande huo hakuna atakayekushtukia, lakini kosea mwangaza uone, mtu anakuona kutoka ng'ambo ya Likoni.

Basi akawa ananitazama sekunde chache, anageukia kitambaa cha kijivu apumzishe macho, anarudi. Mimi nang'ang'ania B1, ile nyeupe kabisa, akanikatalia kavu: "B1 ya nani, na chai yote hiyo unayokunywa?" Akanipa A3, na huku juu karibu na ufizi akakoleza kidogo.

Ukija likizo nitakuchekea pale barazani, unitajie la bandia ni lipi. Ukikosa, mahamri na mbaazi juu yako.