Kirundi cha bibi kinaishia jikoni

Mhariri,

Sisi wa Ulyankulu, ambao wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, tumekua na lugha mbili: shuleni Kiswahili, nyumbani Kirundi. Lakini mdogo wangu wa miaka 20, bibi akimwambia “zana amazi”, huleta maji upesi, kisha anamjibu kwa Kiswahili. Anaelewa kila kitu, hasemi. Mimi nilikijua Kirundi kwa sababu bibi alijifanya hasikii mpaka umwombe chakula kwa Kirundi (na njaa ni mwalimu mkali). Kanisani nako, kwaya ya vijana sasa ni Kiswahili kitupu. Wazazi wengine wanahofu mtoto atachekwa lafudhi, hata baada ya sisi kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wazee wetu, acheni kututafsiria. Tujikwae wenyewe.

Msomaji wenu,
Ulyankulu, Tabora