Risala ya wakulima wa bustani na wafugaji wa samaki kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufungua utoro mpya wa maji wa bwawa letu, Chanika, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako, viongozi wa dini, wazee wetu, majirani zetu mliopanda kutoka bondeni, mabibi na mabwana. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kufika. Barabara ya kuja huku umeiona mwenyewe, leo hatutaisemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bwawa lililo nyuma yako ni la udongo mtupu, halina zege wala nondo. Lilijengwa na marehemu mzee aliyekuwa na shamba hili, kwa ajili ya ng'ombe na michungwa yake, na warithi wake ndio waliotuuzia. Kimo cha tuta ni mita nne na ushee. Wapita njia huliita dimbwi, na hata sisi tuliliita hivyo, mpaka mhandisi tuliyemwita kulikagua alipotupigia hesabu mchangani kwa kijiti. Maji ya ekari moja yenye kina cha wastani cha mita mbili ni zaidi ya mita za ujazo 8,000, na kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja. Ni sawa na malori 800 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa mlimani, na breki yao ni udongo.

Enzi za mzee, chini ya tuta palikuwa na mikorosho na vichaka. Leo kuna nyumba 31 kutoka hapa hadi darajani, na madrasa moja. Bwawa ni lile lile, bonde ndilo lililojaa watu. Tuta lingekatika zamani, mzee angepoteza maji na miche.

Sasa tuungame. Utoro wa maji ni ule mfereji wa pembeni unaopitisha maji yaliyozidi kabla hayajapanda juu ya tuta. (Jina lilituchekesha, maana utoro tuliouzoea ni wa shuleni.) Tulipopandikiza perege, masika ya kwanza wengi walitoroka kwa njia hiyo. Tukaweka wavu. Kiangazi kilipotubana tukapanga na viroba vya mchanga, ili msimu ujao maji yajae zaidi. Tulipongezana kwa akili hiyo.

Masika iliyofuata, mvua ilianza alasiri ikakesha. Majani na chupa za plastiki vikauziba wavu. Saa saba usiku mlinzi alipiga simu: maji yamebakiza shubiri mbili kufika kichwa cha tuta. Wenzetu wanne walijifunga kamba viunoni, wakakata wavu kwa panga na kung'oa viroba kimoja kimoja gizani. Wengine tulikimbia bondeni kugonga milango. Huko ndiko tulikopata aibu. Hatukuwa na namba ya simu ya mkazi hata mmoja wa bondeni. Mama mmoja alifungua dirisha akatuuliza, "Bwawa gani?" Alikuwa ameishi pale miaka sita.

Tuta lilisalimika. Mhandisi alipokuja baadaye na kusikia habari ya wavu, alikaa chini. Alitueleza kwamba maji yakishapita juu ya tuta la udongo hukata mfereji, mfereji hupanuka, na hapo hakuna wa kuuziba. Kisha akatusimulia bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lililokuwa mali ya kilabu cha matajiri wapenda uvuvi. Nao waliweka vichujio kwenye utoro samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaviziba, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa mjini Johnstown na vitongoji vyake. Na jirani zetu wa Solai, Nakuru, nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka wakati wa mvua kubwa, wakafa watu wasiopungua 47.

Utoro unaoufungua leo ni mpana mara tatu ya ule wa zamani, umetandikwa mawe, na sakafu yake iko mita moja chini ya kichwa cha tuta. Hauna wavu. Perege anayetaka kutoroka, safari njema.

Miembe iliyoota tutani tumeing'oa pamoja na mizizi, chini ya usimamizi wa mhandisi, na mashimo yake yakashindiliwa udongo tabaka kwa tabaka, kwa sababu mzizi ukioza ndani huacha njia ya maji. Sasa tumepanda ukoka, na ng'ombe hawapiti. Chini ya tuta pana sehemu inayovuja kidogo. Tulidhani mhandisi atatutisha, yeye akauliza rangi tu. Maji maangavu tunayapima na kuyaandika. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na hapo tunampigia simu siku hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja huenda na chupa kila Ijumaa, na kila siku wakati wa mvua. Daftari liko mezani pako, mwandiko utuvumilie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala huishia kwenye maombi, nasi tunayo. Fedha za tuta hatuombi. Lenye faida kwetu, gharama yake ni yetu. Tunaomba utusaidie kusukuma faili letu Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ili bwawa hili litambuliwe na likaguliwe kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inavyotaka. La pili ni zito zaidi, na wengine hapa litawachoma: viwanja bado vinauzwa ndani ya mkondo wa maji. Wiki iliyopita vigingi vipya vimechomekwa hatua arobaini kutoka mguu wa tuta. Tunaomba uvione leo kabla hujaondoka.

Namba za simu za kaya zote 31 sasa tunazo, na msikiti umekubali kipaza sauti chake kitumike usiku wowote. Yule mama wa dirishani ndiye aliyekubali kushika mkasi wa utepe pamoja nawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.