Kwetu vita haikuisha tarehe 11 Novemba

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Mwandishi kaanzia Sarajevo, kamalizia Ufaransa tarehe 11 Novemba 1918, na katikati katupa sentensi moja: eti vita vya Wazungu "vilifika hata huku".

Vilifika lini? Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 8 manowari yake ilikuwa inaupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, Dar es Salaam. Siku 4 tu. Walikuwa wanagombania makoloni, na makoloni yenyewe ndiyo sisi.

Na viliisha lini? Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba. Mjukuu wangu aliandika hivyo kwenye jaribio la historia, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Alirudi amekoseshwa, kalamu nyekundu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Nikaenda shuleni. Mwalimu akanijibu kwa upole: "Mzee, ni kweli, lakini mtihani unataka 11." Nilishindwa kumjibu pale, namjibu hapa. Katika wiki hizo mbili ambazo mtihani hauzitaki, watu wetu walikuwa bado njiani na mizigo kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, si kwa risasi. Ugogo majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kulima. Mvua ilipokataa ikaja njaa tunayoiita Mtunya, ikaendelea kuua hata vita ilipokuwa "imekwisha". Bibi yangu aliipitia akiwa mtoto. Hadi uzeeni, akimaliza kupepeta mtama alipiga magoti akaokota punje zilizoruka, moja moja, na hakuna mjukuu aliyethubutu kucheka.

Tena kuna hili la Kariakoo. Mwezi uliopita nilikuwa Dar, nikamuuliza kijana mmoja pale sokoni jina hilo limetoka wapi. Akasema labda ni la Mzaramo fulani wa zamani. Alikuwa na robota la mitumba mgongoni, jasho linamtiririka, hajui kwamba amesimama palipokuwa kambi ya wapagazi, Carrier Corps, na kwamba jina linamhusu yeye. Simlaumu. Nani alimwambia? Kwenye sanamu ya mjini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake.

Naomba mambo mawili. Liwekwe jiwe sokoni Kariakoo, mahali wabeba mizigo wanapopumzikia, si getini kwa wakubwa, liandikwe kwa Kiswahili wapagazi walikuwa nani na walikufaje. Na wewe, Mhariri, tarehe 25 Novemba ijayo toa ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, picha iwe ya mpagazi. Nitaukata nimpelekee mwalimu.

Msomaji wako,
Dodoma